Shangazi, nimetoka Mwanza kutafuta kazi Nairobi, hela inaisha na dada amenichoka

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie mawazo maana kichwa kimejaa na sina wa kumwambia, yaani kila mtu ninayemjua hapa Nairobi ni mtu wa dada yangu, neno langu litamfikia kabla sijamaliza kuongea. Mimi ni msichana wa miaka 27 kutoka Mwanza, Igoma. Kazi yangu ni ususi, nimesuka tangu niko shule, na saluni niliyokuwa nafanyia kule mwenye nayo aliifunga akahamia kwa mume wake Dodoma. Nina mtoto wa miaka mitano nimemwacha kwa mama. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ameolewa huku na anaishi Kayole, na ndiye aliyekuwa ananiambia kila tukiongea njoo Nairobi, huku wanawake wanasuka kila wakati, hela ipo. Basi nikauza friji, nikavunja kibubu, nikapanda basi mpaka Sirari, nikavuka kihalali kabisa, pasipoti ikapigwa muhuri wa miezi mitatu upande wa Isebania. Huo muhuri unaisha mwezi ujao.

Mwanzoni dada alinipokea vizuri sana, siwezi kumsema vibaya. Nalala sebuleni na watoto wake wawili, asubuhi naamka kabla ya wote nakunja godoro, naosha vyombo, nawasuka watoto, sijakaa bure hata siku moja. Lakini sasa hivi hali imebadilika. Dada alianza kwa kusema watoto hawasomi vizuri sebuleni kukiwa na mtu. Halafu juzi tuko mezani shemeji akaniuliza mbele ya watoto, eti kwani basi za Mwanza zinaondoka saa ngapi. Nilishindwa kumeza chakula Shangazi.

Ndipo nikaanza kutafuta chumba mtandaoni. Nikapata tangazo la bedsita Umoja, elfu nane kwa mwezi, picha nzuri, vigae chini, maji ndani. Dalali akanitoza 500 ya kuonyeshwa, akanipeleka kweli, akafungua na ufunguo kabisa nikaingia nikaona. Akasema kuna watu wengi wanaitaka, nilipe dipoziti elfu nane siku hiyo hiyo ili anishikie, nikamtumia kwa M-Pesa. Siku ya kuhamia nafika na godoro langu kichwani nakuta wenzangu watatu getini, kila mmoja na mizigo yake, wote wamelipia chumba hicho hicho. Msimamizi wa nyumba anasema huyo mtu hamjui na chumba kina mpangaji. Simu ya dalali haipatikani mpaka leo. Nilirudi Kayole na godoro langu, shemeji akafungua mlango hakusema kitu.

Sasa nimebaki na shilingi elfu 26 za Kenya na mambo matatu mbele yangu, sijui lipi ni lipi.

La kwanza, nilienda Kenyatta Market, nikaongea na mama mmoja mwenye kibanda cha kusuka, akasema nikiwa naweza nije tu, tutagawana nusu kwa nusu, mambo ya mkataba hakuyataja. La pili, kuna familia jirani ya rafiki wa dada inatafuta dada wa kazi wa kulala huko huko, elfu tisa kwa mwezi na chakula, ila mama wa nyumba anasema pasipoti yangu atakaa nayo yeye kwa usalama. Dada anataka nichukue hii, anasema nitakuwa nimepata nyumba na kazi kwa mpigo mmoja. La tatu, kuna kaka mmoja anasema nikimpa elfu 15 atanitolea kitambulisho cha Kenya ndani ya wiki mbili, nitakuwa kama mzaliwa wa hapa, hakuna askari atakayenisumbua.

Nitafute nyumba kwanza au kazi kwanza? Na kwa hela hii nipange wapi? Au nirudi tu nyumbani? Mama ameshawaambia watu wote mtaani kwamba mwanawe yuko Nairobi.

Msusi wa Igoma

—

Marahaba mwanangu.

Pole sana, na hiyo ya kusimama kwa geti na godoro kichwani pole mara mbili, maana nawajua wengi imewapata, wengine wamezaliwa hapa hapa Nairobi na wamekula hasara hiyo hiyo kutoka kwa mtu wa aina hiyo hiyo. Hiyo biashara ya kuonyesha nyumba moja watu kumi inakuwa moto sana kila mwisho wa mwezi. Nitairudia. Lakini nataka kuanza na kile umeweka mwisho, kwa sababu hicho ndicho kinaweza kukumaliza kabisa.

Huyo kaka wa elfu 15 achana naye leo. Kitambulisho cha Kenya ni cha raia wa Kenya, na mgeni akipatikana nacho hiyo si kesi ya kuomba msamaha, ni kesi ya karatasi za uongo, na wewe saa hii ni mtu safi. Umevuka mpaka mchana, una pasipoti, una muhuri ulio hai. Unajua hiyo ina bei gani hapa? Kuna watu wengi wanaishi mji huu wakiona askari wanavuka barabara, wewe huna haja. Usinunue shida na elfu 15 kati ya elfu 26 zako. Na mara nyingi hata hicho kitambulisho hakiji, anakula pesa anazima simu kama yule wa Umoja.

Sasa kuhusu huo muhuri, hapa nataka unisikie vizuri kwa sababu watu wenu na watu wetu wanachanganya sana. Ni kweli tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kufanya kazi Julai 2010, na ndiyo ulivuka bila viza. Lakini hiyo itifaki haikufuta vibali vya kazi. Ile pasi uliyopewa Isebania ni ya kutembelea tu, haikuruhusu kuajiriwa. Mtu wa Jumuiya anaweza kupewa pasi ya hadi miezi sita, kwa hivyo ombi la kuongezewa muda unalifanya sasa, kwa mfumo wa uhamiaji ulio kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na ukikwama unaenda Nyayo House pale Uhuru Highway na Kenyatta Avenue unauliza kwa dirisha, si kwa wale vijana wamesimama nje na bahasha. Lipia kile mfumo umekuonyesha peke yake. Na usingoje siku ya mwisho. Sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inasema mtu akipatikana nchini bila ruhusa, au anafanya kazi bila kibali, faini inaweza kufika nusu milioni au jela miaka mitatu au vyote viwili. Sisemi ndiyo kila mtu anapewa hiyo, nasema hiyo ndiyo askari anakutishia nayo akitaka kila kitu uko nacho kwa mfuko.

Kibali chenyewe kinaendaje? Kwa mtu wa Jumuiya, ukishapata mkataba wa kazi wa zaidi ya siku 90, unatakiwa uombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkubaliane, na mwajiri ndiye anakuandikia barua na kutoa karatasi za biashara yake. Kwa hivyo kila kitu kinaanza na mwajiri mwenye biashara iliyosajiliwa, yenye leseni ya kaunti, na ambaye yuko tayari kuweka sahihi. Sitakudanganya mwanangu, vibanda vingi vya kusuka hawataki hayo maneno, watakuambia wewe suka tu, kanjo, yaani askari wa kaunti, wakikuja tutaongea. Na kuna wageni wengi wanafanya hivyo miaka. Lakini angalia wanalipwa nini. Bosi akijua huna mahali pa kushtaki, bei yako anaipanga yeye, leo ni nusu kwa nusu, mwezi ujao ni robo, na ukiuliza anakukumbusha wewe si wa hapa. Hiyo karatasi wengi wanaona ni ya kutuliza polisi, mimi naona ni ya kushikilia mshahara wako usishuke. Ndiyo maana nasema kazi inatangulia nyumba, na ndani ya hiyo kazi mkataba unatangulia kila kitu.

Kwa hivyo rudi Kenyatta Market. Unayo mikono ya kutosha, shida ni vile umeingia hapo. Hiyo soko naijua, ukishuka tu wanawake wanakukimbilia kwa gari, madam kusuka, madam ni style gani, huku upande wa pili moshi wa nyama choma umejaa, na ukikaa kwa kiti wanakuja wasusi watatu kwa kichwa kimoja, mmoja nyuma wawili kando, mteja anatoka mapema anaenda kazini kwake. Hiyo ndiyo inafanya watu waende huko kutoka kila mtaa. Lakini wewe msusi fanya hesabu yake. Tuseme kichwa ni 2,500. Nusu ni ya mwenye kibanda, inabaki 1,250, na hiyo mnagawana watatu, unapata mia nne na kitu. Hapo bado hujauliza kama nywele za kuongeza zinakatwa kabla ya kugawa ama baada, na kama yule kijana aliyemvuta mteja barabarani analipwa kutoka kwa nani. Kwa hivyo mama akikuambia nusu kwa nusu, muulize nusu ya nini. Muulize mbele ya wasusi wengine ukiweza, utaona vile wanaangaliana.

Usiende kwa kibanda kimoja tu. Zunguka, tafuta wale wenye vibanda viwili vitatu au saluni ya mlango kabisa, yenye leseni imebandikwa ukutani, hao ndio wanaweza kuandika barua ya Nyayo House. Na usiseme tu unajua kusuka, kila mtu anasema hivyo. Mwambie mwenyewe akae umsuke yeye, kichwa chake, bila kulipwa, aone laini zako, aone kama unavuta mpaka anaumwa ama unashika polepole. Mwenye saluni akitembea na kazi yako kichwani mwake wateja wenyewe wanamuuliza nani amekusuka, na hapo mazungumzo ya mkataba yanakuwa mengine. Mkataba si lazima uwe kitabu, ukurasa mmoja unatosha: kazi gani, kamisheni ngapi na inahesabiwaje, unalipwa siku gani, wa muda gani, sahihi mbili. Wengine watakataa. Sawa, nenda kwa anayefuata.

Na ujue mapema, kazi ya nywele huku ina misimu. Desemba na Agosti mtu anasuka mpaka vidole vinafura, Januari watu wamelipa school fees saluni zinalala. Ukipata pesa ya Desemba usiile yote.

Sasa hiyo kazi ya nyumba. Dada yako namwelewa, anataka uondoke sebuleni kwa njia ambayo haitaonekana kama amekufukuza, na kazi ya kulala huko inamsuluhishia. Lakini hapana, si hii. Kwanza elfu tisa. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Novemba 2024 kwa mfanyakazi wa kawaida hapa Nairobi, na mfanyakazi wa nyumbani yuko ndani ya hilo kundi, kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi kabla ya marupurupu ya nyumba. Najua nyumba nyingi hazilipi hivyo na najua watu wananiambia kila siku eti ukitoa chakula na kitanda inafika. Hata hivyo elfu tisa iko mbali sana na hiyo, na kibali cha hiyo kazi pia hakuna mtu ametaja.

Lakini kinachonitia baridi zaidi ni pasipoti. Kwa usalama wa nani? Pasipoti ni mali ya serikali yenu, imepewa wewe uitunze, si ya mama mwenye nyumba. Mtu akishika pasipoti yako ameshika mguu wako. Siku mshahara umechelewa huwezi kuondoka, siku mume wake amekuja jikoni usiku huwezi kuondoka, siku muhuri unaisha hata kwenda Nyayo House huwezi kwa sababu unaenda na nini? Mimi nimesikiliza wasichana wengi mno kwa hii safu, na zile hadithi mbaya kabisa karibu zote zinaanza na hiyo sentensi, nipe nikuwekee. Hata kama huyu mama ni mtu mzuri, na huenda ni mzuri, jibu ni moja. Mpe kopi. Akikataa kopi, umeshajua. Na ikitokea siku yoyote mtu amekunyima pasipoti yako, nenda kituo cha polisi uandikishe kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na uende ubalozi wenu, uko hapa hapa Nairobi.

Haya, tuje kwa nyumba sasa.

Umeuliza upange wapi, na naona ulikuwa unatafuta Umoja kwa sababu iko karibu na dada. Mimi nakuambia tafuta karibu na kiti utakachokuwa unasukia. Ukikaa Kayole ama Umoja na unasuka Kenyatta Market, ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, mpaka tao, katikati ya mji, halafu uunganishe. Asubuhi na jioni bei inapanda, mvua ikinyesha inapanda tena, ukiwa na bahati unatumia 250 kwa siku, siku mbaya 300. Piga mara siku 26. Ni 6,500 mpaka 7,800, yaani umelipa kodi ya pili kwa makanga. Mtu anakuambia amepata singo, yaani chumba kimoja, ya elfu nne mbali huko anafurahi, kumbe analala elfu kumi na moja.

Karibu na Kenyatta Market kuna Ngumo na Golf Course, hizo bei zake wacha kwanza. Lakini kuna Kibera, ile side ya Laini Saba na DC unatembea kwa mguu mpaka sokoni. Najua ukimwambia dada yako Kibera atashika kichwa. Watu wanaogopa hilo jina kuliko wanavyojua mahali penyewe, ni mji, kuna nyumba za udongo za elfu mbili na kitu, kuna za mawe zenye geti za elfu tano mpaka saba, kuna Wanubi wa Makina wamekaa hapo tangu wakati wa ukoloni na Kiswahili chao utakipenda. Shida ziko pia na sizifichi. Nyumba nyingi choo kiko nje, kingine cha kulipia shilingi kumi, maji unanunua kwa mtungi, na stima kwa ploti zingine imeunganishwa na vijana, siku kampuni inakuja kukata ni giza. Kwa hivyo chukua ploti iliyo karibu na barabara kubwa, yenye geti, na choo ndani ya ploti, hata kama ni elfu moja zaidi, maana siku za kazi nyingi utatoka sokoni usiku. Na popote utakapoenda, Kibera, Mathare, Mukuru, usichukue chumba kando ya mto hata kikiwa cha bure. Mafuriko ya 2024 yalibeba watu, na baada ya hapo serikali ikabomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 za mto, hata kama ulikuwa umelipa kodi ya mwezi.

Ikiwa saluni utakayoipata iko kwingine, basi mtaa unabadilika na hiyo saluni. Ukipata Roysambu, angalia Githurai ama Zimmerman. Ukipata Westlands, angalia Kangemi. Ukipata Kilimani ama Yaya huko, angalia Kawangware. Umeona? Nyumba inafuata kiti.

Namna ya kutafuta ni miguu. Kati ya tarehe 25 na tarehe 5 watu wanahama, vaa viatu vya chini, ingia mtaa, soma geti zilizoandikwa vacant na namba ya simu, na pale hakuna kibao uliza mama mboga na mwenye duka, hao wanajua nani anahama kabla hata landilodi hajajua. Ukipata ploti usiongee na keyateka, yaani msimamizi wa ploti, peke yake. Ngoja mpangaji anatoka na beseni, msalimie, muulize maji yanakuja siku gani, tokeni ya stima ni ya kila nyumba ama mnashare mita moja na nani anazima nani, geti linafungwa saa ngapi, na mwenye nyumba ni mtu wa aina gani ukichelewa siku mbili. Hayo maswali manne yatakuokoa zaidi ya picha yoyote ya vigae.

Na pesa usitoe mpaka iwe hivi: chumba ni kitupu, unakiona kitupu kwa macho yako, majirani wanamjua unayemlipa, pesa inaenda kwa paybill ama akaunti ya mwenye nyumba na si kwa simu ya mtu, unapewa risiti yenye namba ya chumba, na ufunguo unashika siku hiyo hiyo. Ile ya nikushikie kuna wengine wanaitaka, ukiisikia tena, mwambie awape hao wengine. Na kufuli badilisha usiku huo huo, hata keyateka akikuambia hakuna haja, huyo aliyekufungulia Umoja ufunguo aliutoa mahali.

Kwa hesabu yako ya elfu 26. Toa kwanza nauli ya kurudi Mwanza uiweke kando usiiguse, hiyo si ya kushindwa, ni ya kukufanya usikubali upuuzi wa mtu kwa sababu huna njia. Singo ya elfu tano, kodi na dipoziti ni elfu kumi. Godoro unalo. Sufuria mbili, jiko, ndoo, tokeni ya mia mbili. Unabaki na cha kula mpaka kamisheni ianze kuingia, lakini ni kwa kubana. Ndiyo maana ningependa zaidi uulize wasusi wenzako hapo sokoni nani anatafuta wa kukaa naye, wengi wanakaa wawili wawili, mnagawana kodi, na usiku mnatembea pamoja. Na laini ya simu isajili kwa pasipoti yako, si kwa jina la shemeji, ili M-Pesa iwe yako. Ya mtoto utatuma moja kwa moja mpaka Tanzania kwa simu, huhitaji mtu wa basi.

Kuhusu kurudi nyumbani. Sioni aibu yoyote hapo lakini sioni kama umefika hapo. Jipe muda, na huo muda usiwe wa hisia, uwe wa muhuri. Ukiongezewa, tafuta mwajiri wa mkataba kwa nguvu zote mpaka wiki chache kabla haujaisha. Ukikosa kabisa, vuka Isebania ukiwa halali, unaweza kurudi siku nyingine na historia safi. Ukikaa mpaka uishe, huo mlango unaufunga mwenyewe. Mama mwambie ukweli kidogo kidogo, mwambie unatafuta saluni yenye karatasi. Hayo ya mtaani atajua vile atayajibu, mama wote wanajua.

Na dada yako. Usimngoje aseme. Mtafute akiwa peke yake, si mbele ya shemeji, mwambie asante kwa jina lake, mwambie unaenda Nyayo House lini na Kenyatta Market lini, na umpe tarehe ya kuhama, tarehe kabisa, hata kama ni mwisho wa mwezi ujao. Mpe na kitu cha unga na maziwa wiki hii, usitoe nyingi, elfu moja inatosha. Mimi naona kinachowachosha wenye nyumba zaidi ni kutojua mgeni anakaa mpaka lini, na huyo unayelala sebuleni kwake hajui. Ukimpa tarehe utashangaa vile hata shemeji atarudi kukusalimia vizuri.

Yule wa Umoja, chukua meseji ya M-Pesa yenye namba yake na jina lililotokea, tafuta wale watatu mlioonana nao getini, nendeni wanne kituo cha polisi cha karibu mwandikishe OB, ni bure. Fanyeni hiyo wiki hii wakati muhuri wako uko sawa, ili ukiulizwa pasipoti unaitoa bila kutetemeka. Pesa huenda isirudi. Lakini mtu mmoja akiandikisha ni malalamiko, wanne kwa namba moja ya simu ni kesi.

Niandikie ukishapata kiti.

Shangazi